Alikuwa Makerere

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 20 Septemba 2020, Baba alinipigia simu saa kumi na mbili na nusu. Si kawaida yake. Baba ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtu anayeamini kwamba simu ya alfajiri ni ya msiba tu. Nilikuwa hosteli Dar es Salaam, mwaka wa pili chuoni, na nilipoona jina lake kwenye simu nilijua moja kwa moja kwamba Bibi amefariki.

"Limeungua," alisema. "Jengo la Babu yako limeungua."

Sikuuliza jengo gani. Nyumbani kwetu Bukoba hakuna mtu ambaye angeuliza. Sebuleni, kati ya kalenda ya parokia na saa ya ukutani ambayo haijawahi kwenda sawa, ipo picha moja ya rangi nyeusi na nyeupe. Kijana mwembamba amesimama kwenye ngazi, amevaa suti, mikono nyuma, kidevu juu. Nyuma yake kuna jengo kubwa jeupe, na juu ya jengo kuna mnara. Chini ya picha, kwa wino uliofifia, imeandikwa: Makerere, 1961. Kijana huyo ni babu yangu.

Nilifungua simu nikaona kile ambacho Baba alikuwa amekiona. Jengo Kuu la Chuo Kikuu cha Makerere lilikuwa limewaka usiku kucha. Paa halikuwepo. Madirisha yaliyokuwa meupe yalikuwa matundu meusi, na moshi ulikuwa bado unatoka. Chuo kilikuwa kimefungwa kwa sababu ya korona, wanafunzi wako makwao, na watu waliosoma pale miaka ya nyuma walikuwa wanaandika mtandaoni kana kwamba wamefiwa na mzazi mmoja. Baba alikuwa bado yuko kwenye simu. Hakuwa anasema kitu. Nikagundua kwamba analia.

Ili uelewe kilio kile, lazima nikueleze jengo lilikuwa nani nyumbani kwetu.

Lilikamilika mwaka 1941, juu ya kilima cha Makerere, Kampala. Ndilo makao ya utawala wa chuo: ofisi za wakubwa, za fedha, za kumbukumbu. Mbele yake kuna uwanja wa nyasi unaoitwa Uwanja wa Uhuru, ambako kizazi baada ya kizazi wamevalia majoho siku ya mahafali. Julius Nyerere alipofika mwaka 1943 kusomea stashahada ya ualimu, jengo lilikuwa na umri wa miaka miwili. Mwai Kibaki alipita hapo. Benjamin Mkapa alipita hapo. Enzi hizo kijana wa Tanganyika aliyetaka elimu ya juu hakuwa na mahali pengine karibu pa kwenda. Makerere ilikuwa chuo cha Afrika Mashariki nzima, na kuanzia 1949 shahada zake zilitolewa na Chuo Kikuu cha London. Nchi yetu ilipopata chuo chake, mwaka huohuo wa picha ya Babu, kilianza kidogo sana. Kwa hiyo kusema "Makerere" mwaka 1961 ilikuwa kama kutaja mlima.

Na nyumbani kwetu ulitajwa kila siku. Nilipopata alama mbaya ya hisabati kidato cha pili, Baba hakunichapa. Alinionyesha picha. Baba mdogo aliposema kwenye kikao cha ukoo kwamba hela ya kusomesha wasichana ni hela ya kutupa ziwani, Baba alisimama akasema, "Mjukuu wa mtu wa Makerere hakosi ada." Kikao kikafungwa. Nimesoma kwa sentensi ile. Kuna binamu zangu wa kike wanne ambao wamesoma kwa sentensi ile.

Babu mwenyewe alifariki nikiwa na miaka kumi na nne. Alikuwa na shamba la kahawa na migomba, na kwa miaka mingi alikuwa na hoteli ndogo ya chai na chapati mjini, karibu na soko. Hadithi zake zilianza namna moja: "Nilipokuwa Makerere..." Nilipokuwa Makerere tuliamka saa kumi alfajiri. Nilipokuwa Makerere kulikuwa na Mzungu mmoja aliyehesabu vijiko kila jioni. Nilipokuwa Makerere kuna wanafunzi walirudisha sahani wakisema viazi ni vibichi, na leo hao ni waheshimiwa. Alitufundisha kushika kisu na uma kabla hatujajua kuandika. Na alipenda kusema kwamba Kiswahili alijifunzia Makerere, kwa kuwa alitoka kijijini akiwa anajua Kihaya tu. Hapo tulicheka wote. Nani aende Makerere kujifunza Kiswahili? Kule kulikuwa na Kiingereza tupu. Tuliona ni utani wa wazee.

Mwaka 2024 nilipata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili Makerere. Nasomea usimamizi wa kumbukumbu na nyaraka. Kwenye barua ya kuomba ufadhili niliandika aya nzima kuhusu Babu: kwamba yeye alihitimu hapo, kwamba mimi nitakuwa kizazi cha pili cha familia yetu kupanda ngazi zile. Niliiandika kwa dakika kumi, bila kufuta neno. Ilikuwa aya nyepesi kuliko zote.

Nilifika Kampala mwezi Agosti, kwa basi la kutoka Bukoba kupitia Mutukula na Masaka. Jengo lilikuwa kwenye hatua za mwisho za kujengwa upya. Oktoba likafunguliwa. Waliojenga walikuwa wameamua kwamba kwa nje lirudi na sura yake ileile: mnara, weupe, ngazi. Makamu Mkuu wa Chuo, Profesa Barnabas Nawangwe, kitaaluma ni msanifu majengo, na unaweza kuona kwamba mtu fulani alijali. Ukisimama uwanjani unaona jengo la 1941. Ukiingia ndani unakutana na harufu ya rangi mpya.

Nilisimama kwenye ngazi, mikono nyuma, kidevu juu. Rafiki yangu Mganda ninayeishi naye akanipiga picha. Nikamtumia Baba. Alikwenda kuisafisha mjini siku hiyohiyo, akaitundika pembeni ya ile ya zamani. Bibi aliniambia alikaa mbele yake muda mrefu, mpaka chai ikapoa.

Ilikuwa Novemba ndipo mambo yalipobadilika, na yalibadilika kwa sababu ya kazi ya darasani. Tulipewa zoezi: chagua waraka mmoja wa familia yako, uueleze kama mtunza nyaraka. Nani aliutengeneza? Kwa nini? Umepitia mikono ya nani? Nikachagua picha, bila shaka. Nikaionyesha darasani ukutani, kubwa kuliko nilivyowahi kuiona. Mhadhiri wetu, mama mmoja mpole anayeuliza maswali kama anayekuomba chumvi, aliitazama kidogo.

"Suti ni ya nani?" akauliza.

Nikasema ni ya Babu.

"Tazama mikono."

Nikatazama. Mabega ya koti yalikuwa yameshuka. Suruali ilikuwa imekunjana juu ya viatu. Hata mikono yake ilikuwa nyuma, nikawaza, na labda iliwekwa nyuma kwa sababu. Nimeishi na picha ile miaka yote ya maisha yangu na sikuwahi kuona kwamba suti haikumkaa.

Jioni nikampigia Bibi. Nilimkuta anatafuna kahawa. Nilisikia punje ikivunjika mdomoni mwake. Nikamsalimia, nikamuuliza habari za miguu, habari za migomba, kisha nikauliza.

"Bibi, ile suti ya Babu kwenye picha, aliinunua wapi?"

"Suti?" Akacheka. "Ile aliazimwa na mwanafunzi mmoja wa Moshi. Jumapili, wakishamaliza kuosha vyombo vya mchana."

"Vyombo gani?"

"Vya bwaloni, mjukuu wangu. Babu yako alikuwa mpishi. Hukujua?"

Nilikaa kitandani. Nikasema kwamba Baba siku zote amesema Babu alisoma Makerere.

"Huyo ni baba yako. Mume wangu alisema alikuwa Makerere. Kuwa si kusoma."

"Lakini mbona hakusahihisha?"

Bibi alinyamaza kidogo. Kisha akanieleza kitu ambacho nadhani hakuwahi kumweleza mtu. Baba alipokuwa darasa la sita, alirudi nyumbani anakimbia. Mwalimu alikuwa amewaambia kwamba watu waliotoka Makerere ndio wanaoiongoza nchi, naye akanyoosha mkono akasema, baba yangu alikuwa Makerere. Darasa zima likampigia makofi. Alifika nyumbani na furaha hiyo usoni, akamwambia baba yake. Babu alikuwa anakanda unga. Akamtazama mtoto. Akanyamaza.

"Siku ya pili ikawa vigumu kusema," Bibi alisema. "Mwezi ukapita ikawa vigumu zaidi. Lakini usiku ule aliniambia, mtoto huyu nina deni naye. Ndiyo maana kahawa yote ya miaka ile iliishia kwenye ada. Shati jipya hakununua."

Baada ya simu nilitoka nikapanda mpaka Uwanja wa Uhuru, nikakaa kwenye nyasi. Taa za jengo zilikuwa zinawaka. Sitaficha: kitu cha kwanza nilichosikia ni aibu, na aibu yenyewe haikuwa ya heshima. Sikuona aibu kwa sababu nilikuwa nimeandika uongo kwenye barua, ingawa nilikuwa nimeuandika. Niliona aibu kwa sababu Babu alikuwa mpishi. Mimi, niliyelelewa kwa chapati zake. Ilinichukua muda kukaa na jambo hilo bila kuangalia pembeni.

Watu wa hapa wana jina lao la utani kwa jengo hili. Huliita kwa Kiingereza Ivory Tower, mnara wa pembe za ndovu, na wanalisema kwa fahari. Lakini sisi tunaotoka sehemu hizi tunajua jambo moja kuhusu pembe za ndovu: hazikufika pwani zenyewe. Zilibebwa mabegani na wapagazi, miezi kwa miezi, na hakuna pembe iliyoandikwa jina la aliyeibeba.

Nikaanza kukumbuka hadithi za Babu upya, moja baada ya nyingine, na kila moja ikageuka na kunionyesha uso wake wa kweli. Nani huamka saa kumi alfajiri chuoni? Anayewasha moto wa uji. Nani hujua kwamba vijiko vinahesabiwa? Anayevikabidhi. Katika hadithi zake zote hapakuwa na darasa hata moja, wala mtihani, wala kitabu. Hakutudanganya hata mara moja. Sisi ndio tulisikia tulichotaka.

Na Kiswahili, je? Nilicheka peke yangu pale kwenye nyasi. Hakuwa anatania. Juu, kwenye kumbi, kulikuwa na Kiingereza. Jikoni alikutana na watu wa makabila ambayo Kihaya chake hakikuweza kuwafikia, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Kuna jambo tulilofundishwa mwaka wa kwanza kuhusu chuo hiki: Juni 1962 waandishi wa Afrika walikutana hapa kwenye mkutano mashuhuri. Chinua Achebe alikuwepo, Wole Soyinka alikuwepo, na Ngũgĩ wa Thiong'o, akiwa bado mwanafunzi, alikuwepo. Ulikuwa mkutano wa wanaoandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert, aliyeandika kwa Kiswahili, hakuwa na nafasi katika mkutano wa namna hiyo, na alifariki mwezi huohuo. Kila nikisoma habari ile nilisikitika kwamba Kiswahili hakikuwepo Makerere wiki ile. Sasa najua kilikuwepo. Kama Babu alikuwa zamu, kilikuwa kinachochea moto.

Kuna jambo jingine, nalo liko kwenye historia ya chuo chenyewe kwa yeyote anayetaka kulisoma. Makerere haikuanza na majoho. Ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, ikiwa na wanafunzi 14 wa kutwa, wakijifunza useremala, ujenzi na umakanika. Jengo Kuu lilikuja baadaye sana. Kauli mbiu ya chuo inasema tunajenga kwa ajili ya siku zijazo, na wale wa kwanza walijenga kwelikweli, kwa misumeno na misumari. Mahali hapa palianza na watu wa kazi za mikono. Ni sisi tuliokuja nyuma tulioamua kwamba mtu wa Makerere ni mwenye cheti tu.

Somo langu linanifundisha kuheshimu karatasi. Moto wa 2020 ulipozuka, swali la kwanza la wengi lilikuwa kama kumbukumbu za wanafunzi zimepona, na lilikuwa swali la haki. Bila karatasi huwezi kuthibitisha ulichosoma. Ila usiku ule nilijiuliza ni karatasi gani ingemkumbuka Babu hata kama pasingewaka moto. Labda orodha ya mishahara, kama iliwahi kutunzwa. Zaidi ya hapo amebaki na picha moja, ndani ya koti la mtu mwingine.

Niliandika barua kwa waliotoa ufadhili, nikasahihisha ile aya. Sentensi tatu. Walijibu kwa upole kwamba ufadhili haukutolewa kwa sababu ya babu yangu. Hilo lilikuwa rahisi. Lililobaki lilikuwa Baba.

Nilirudi Bukoba Desemba. Nilisubiri siku mbili. Jioni ya tatu, baada ya chakula, Bibi alijifanya ana usingizi akatuacha sebuleni. Nikamweleza Baba yote, nikianza na suti. Nilimweleza polepole, kwa adabu, kama ninayembebea kitu cha udongo. Hakunikatiza. Nilipomaliza, aliinuka, akaishusha picha ukutani, akaileta karibu na taa. Akatazama mabega ya lile koti. Kisha akairudisha kwenye msumari wake, akainyoosha, akatoka nje kwenye migomba. Alirudi nimelala.

Siku zilizofuata aliongea nami kuhusu mvua na bei ya kahawa. Nilianza kuamini kwamba nimevunja kitu kisichokuwa changu. Ile sentensi iliyotusomesha, nikawaza, nimeiua mimi.

Asubuhi ya kuondoka alinisindikiza stendi, akabeba begi langu ingawa nilimkatalia. Basi lilikuwa limeshawasha injini. Akasimama dirishani.

"Hilo jiko," akasema, "lilikuwa wapi?"

"Sijui, Baba."

"Utafute."

"Nitatafuta."

"Ukilipata, ukapige picha hapo."

Ilinichukua mpaka Februari. Bibi hakukumbuka jina la bweni, na majina mengine yamebadilika tangu wakati ule. Sina uthibitisho kwamba jiko nililolipata ndilo lenyewe. Kwa kanuni za somo langu, siwezi hata kuliandika. Nilichopata ni bwalo la bweni la zamani, na jiko lake, na mama mmoja mpishi aliyenisikiliza nikimweleza kwa Kiswahili changu cha Bukoba, akanijibu kwa Kiswahili chake cha Kampala, akasema ingia. Ndani kulikuwa na sufuria ambazo mtoto angeweza kuogea. Alinipa mwiko mrefu kama jembe nisimame nao. Yeye mwenyewe ndiye aliyepiga picha. Kupitia mlango ulioachwa wazi unaona njia inayopanda kuelekea Jengo Kuu, ila jengo lenyewe halionekani.

Nikamtumia Baba. Hakujibu siku ile. Kesho yake, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, simu ikaita, na safari hii sikuogopa.

"Sufuria hizo ni kubwa," alisema.

"Ni kubwa sana, Baba."

"Na yule alikuwa mwembamba."

"Ndiyo."

Nikasikia anakohoa, kisha mlango wa sebule ukifunguliwa, kisha nyundo.